Pedi za kushona nyumbani: Karatasi ya kukatia inapokosea

KILA shule zinapokaribia kufunguliwa, picha za karatasi ya kukatia pedi za kitambaa huanza kuzunguka kwenye makundi ya wazazi. Mmoja anaituma, wa pili anaisambaza, wa tatu anaichapisha steshenari, na kufikia Jumamosi cherehani inaunguruma sebuleni. Pedi sita zinakamilika kwa siku moja, zenye maua, nzuri kwa macho. Jumanne yake binti anarudi kutoka shule amejifunga sweta kiunoni, na hasemi kitu.

Hapo lawama huwa na njia zake. Kitambaa hakikuwa kizuri, fundi alilipua kazi, au mtoto hakubadilisha mapema. Karatasi yenyewe haishukiwi, kwa sababu imechapishwa, na kilichochapishwa huonekana kama kimehakikiwa na mtu.

Mara nyingi hakikuhakikiwa. Mmarekani Ebenezer Butterick alianza kuuza karatasi za kukatia zenye saizi mbalimbali mwaka 1863, na tangu enzi hizo biashara hiyo imekwenda pamoja na kazi ya kusahihisha. Wachapishaji wa vitabu vya ushonaji hutoa orodha za masahihisho baada ya wasomaji kulalamika kwamba kipimo fulani hakikubali au kipande fulani kimesahauliwa. Picha iliyopita kwenye simu kumi haina mchapishaji wa kuilalamikia. Masahihisho yake hayapo popote, na anayeyagundua ni msichana wa darasa la sita akiwa amekaa kwenye dawati.

Kwa gauni, kosa la namna hii humalizwa kwa kufumua na kushona upya. Kwa pedi, kosa la sentimita moja ni doa kwenye sketi ya shule, na kuna wasichana ambao doa moja linatosha kuwafanya wakae nyumbani siku zote za hedhi mwezi unaofuata. 

Sababu ya wazazi kushona inaeleweka. Pedi za dukani hununuliwa kila mwezi, na nyumba yenye mabinti watatu hununua mara tatu. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata. Kenya iliiondoa tangu 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike taulo bila malipo. Pedi ya kitambaa iliyoshonwa vizuri na kutunzwa hudumu mwaka na zaidi, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Kazi iko kwenye neno hilo “vizuri”.

Kabla ya mkasi

Kosa la kwanza huzaliwa steshenari. Karatasi nyingi za kukatia zinazozunguka zilichorwa Marekani, ambako karatasi ya kawaida ya ofisini ni pana kidogo na fupi kuliko A4 yetu. Mashine ya kuchapisha ikiachwa ijiamulie, huipunguza picha ili itoshe ukurasa. Ikipunguzwa hadi asilimia 90, pedi iliyokusudiwa kuwa na sentimita 25 inatoka na 22 na nusu, na upana wake umepungua vilevile. Kwa macho hakuna anayeona tofauti.

Karatasi iliyochorwa na mtu makini huwa na kisanduku kidogo pembeni chenye kipimo chake, kwa mfano inchi moja kwa inchi moja. Kisanduku hicho hakikuwekwa kama pambo. Kipimwe kwa rula: inchi moja ni sentimita 2 na milimita 5, na ushee. Kikitoka pungufu, mwenye steshenari aambiwe achapishe upya kwa asilimia 100, bila kutoshesha ukurasa. Picha isiyo na kisanduku wala vipimo vilivyoandikwa ni ya kuonyesha umbo tu. Haifai kukatia.

Kosa la pili ni nafasi ya mshono, yaani ule ukingo wa kitambaa unaomezwa ndani baada ya kushona. Zipo karatasi ambazo ukingo huo umeshahesabiwa kwenye mstari wa nje, na zipo ambazo fundi anatakiwa auongeze mwenyewe. Wanaoshona viraka na mablanketi ya vipande huko Marekani hutumia robo inchi, kama milimita 6. Karatasi za nguo za kawaida hutumia zaidi ya mara mbili ya hapo. Mzazi asiyejua ameshika ipi, akikata pale pale kwenye mstari na kushona ndani yake, anapoteza milimita 6 kila upande. Pedi yenye upana wa sentimita 6 na nusu inabaki na 5 na kidogo. Hiyo ni nyembamba mno.

Maandishi yasiposema lolote, kuna njia ya kubaini: pima upana wa mchoro, kisha pima chupi ya binti sehemu ile inayopita kati ya miguu. Pedi ikishafungwa inapaswa kukaa kati ya sentimita 6 na 7 hapo. Kama mchoro wenyewe tayari una 6 na nusu, basi nafasi ya mshono haijahesabiwa, iongezwe.

Halafu kuna mkunjo. Ili kuokoa karatasi, wachoraji wengi huchora nusu ya umbo na kuandika kwamba upande mmoja ulionyooka uwekwe kwenye mkunjo wa kitambaa. Picha ikishapita simu nyingi, maandishi hayo madogo hukatwa au hufifia. Matokeo yake ni vipande viwili vya nusu pedi, ambavyo fundi mwenye huruma huviunganisha kwa mshono katikati. Mshono huo ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mshono.

Mshono wa katikati

Ukiacha vipimo, hapa ndipo pedi nyingi za nyumbani zinapoharibika, na kosa mara nyingi limo kwenye maelekezo yenyewe. Karatasi husema: panga tabaka zote, la juu linalogusa mwili, la kati la kunyonya, la chini la kuzuia maji, kisha piga mshono mmoja au miwili katikati ili visihame. Inasikika kama ushauri mzuri. Tabaka hazihami kweli. Lakini kila sindano iliyopita imetoboa tundu kwenye kitambaa cha kuzuia maji, na kila tundu limejazwa uzi.

Uzi wa pamba kwenye tundu hufanya kazi ile ile ya utambi wa kibatari. Utambi huvuta mafuta ya taa kutoka chini kwenda juu. Uzi huu huvuta damu kutoka juu kwenda chini, ukaipeleka moja kwa moja kwenye chupi. Mama anaongeza tabaka la nne na la tano la kunyonya, pedi inakuwa nene kama mto, na bado inavuja kwenye mstari ule ule ulionyooka. Doa lenye umbo la mstari halitokani na kitambaa kidogo. Linatokana na sindano.

Marekebisho ni kubadili mpangilio wa kazi, wala hayahitaji kifaa kipya. Tabaka za kunyonya zishonwe kwanza kwenye kitambaa cha juu peke yake, hata kwa mishono mitatu kama mtu anapenda. Kisha kitambaa cha chini kiletwe, kilazwe uso kwa uso na cha juu, na viunganishwe pembeni tu kwa kuzunguka, huku ukiachwa mwanya wa vidole vitatu wa kugeuzia. Ikishageuzwa, mshono wa mwisho wa urembo upite ukingoni kabisa. Sehemu ya kunyonya iwe ndogo kuliko pedi, iishie kama sentimita moja kabla ya ukingo, ili mshono huo wa pembeni usiiguse kabisa. Na uzi uwe wa poliesta, ambao haunyonyi kama wa pamba.

Pini nazo zinatoboa. Vibanio vya kuanikia nguo vinashika kitambaa cha kuzuia maji vizuri tu. Mwenye kutumia pini sehemu nyingine azihesabu anapoanza na azihesabu anapomaliza. Pini iliyosahaulika ndani ya gauni inachoma kiuno, na iliyosahaulika ndani ya pedi haifai hata kuielezea.

Pedi zilizokwisha kushonwa kwa mshono wa kati si za kutupa. Zinaweza kuwekwa kwa siku za mwisho ambapo damu ni kidogo, au kwa kulala nyumbani juu ya taulo.

Kuhusu kitambaa hicho cha chini, maduka machache ya vitambaa huuza kile chepesi kilichopakwa utando upande mmoja, kinachotumika pia kwa nepi za kufua. Kikikosekana, kipande cha koti la mvua la mtumba kinasaidia. Mfuko wa plastiki usitumike, hata kama karatasi inausema. Unafungia joto na jasho kwenye ngozi, unapiga kelele mtoto akitembea, na baada ya kufuliwa mara chache unapasuka bila kuonekana.

Vifungo navyo vina kosa lao, dogo lakini la kukera. Mbawa mbili za pedi hukunjwa chini ya chupi, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo kifungo kimoja lazima kitazame upande wa juu wa pedi na cha pili upande wa chini. Karatasi nyingi huonyesha vyote viwili upande mmoja, na fundi hugundua havikutani baada ya kuvigonga. Kata umbo la karatasi, likunje kwenye chupi halisi, weka alama kwa kalamu, ndipo ugonge.

Tone la maji

Orodha ya vitambaa kwenye karatasi za kigeni husema “flaneli” na kuishia hapo. Sokoni flaneli ya pamba na flaneli ya poliesta hulala kwenye meza moja na hushikika sawa mkononi, ila ya poliesta hainyonyi. Majibu hupatikana kwa tone la maji: lidondoshwe juu ya kitambaa. Likizama mara moja, ni pamba au inatosha kuwa pamba. Likisimama kama shanga, kirudishwe. Muuzaji akisema maji yamesimama kwa sababu kitambaa ni kipya na kina wanga, huenda anasema kweli. Kipande kidogo kifuliwe kwa sabuni mara mbili, kikauke, kijaribiwe tena.

Fulana kuukuu za pamba, mashuka ya mtumba, taulo lililochakaa na kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalegea vinafaa kuliko vitambaa vingi vipya. Vimeshamaliza kusinyaa. Kitambaa kipya cha pamba husinyaa kikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Karatasi nyingi hazilisemi hili, na pedi iliyokatwa sawasawa inajikunja kama jani la mgomba baada ya kufuliwa, kwa sababu tabaka la pamba limevuta na la poliesta limekataa. Vitambaa vya rangi kali vifuliwe mpaka maji yatoke meupe.

Anayeanika ni nani?

Kosa kubwa zaidi la karatasi hizi halipimwi kwa rula. Nyingi zimechorwa kama vile pedi itavaliwa tu, bila kufuliwa na kukauka. Tabaka sita zilizoshonewa pamoja zinanyonya vizuri sana, na wakati wa masika zinachukua siku mbili kukauka. Binti hana siku mbili. Anavaa yenye unyevu, na unyevu dhidi ya ngozi kwa saa nyingi huleta michubuko na muwasho.

Zaidi ya hapo, hataki ionekane kwenye kamba. Ataificha chini ya godoro au ataianika nyuma ya mlango wa bafu. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Odisha nchini India na kuchapishwa mwaka 2018 uliwaangalia wanawake wanaotumia vitambaa vya kufua, na ukakuta kwamba fangasi za ukeni zilihusishwa na kuanika vitambaa ndani ya nyumba na kuvihifadhi chooni. Kitambaa chenyewe hakina hatia. Tatizo ni pale kinapokaukia.

Shirika la Days for Girls, lililoanzishwa mwaka 2008 na Mmarekani Celeste Mergens baada ya kufika kwenye kituo cha watoto yatima jijini Nairobi, lilijifunza hilo kwa kusahihishwa na wavaaji. Lilianza kwa kupeleka pedi za kutupa, na ikaonekana wasichana hawana pa kuzitupa. Likageukia za kufua, na umbo likabadilishwa mara nyingi kadiri wasichana walivyoeleza. Rangi zikawa za giza na zenye maua ili doa lisionekane. Sehemu ya kunyonya ikawa kitambaa cha mraba kinachokunjwa na kuingizwa kwenye ganda lenye kuzuia maji. Kikikunjuliwa ni chembamba, kinakauka haraka, na kwenye kamba kinaonekana kama kitambaa cha kufutia uso. Hakuna jirani atakayeuliza.

Mzazi anaweza kuirekebisha karatasi yoyote kwa njia hiyo. Badala ya kushonea tabaka zote pamoja, ashone ganda lenye mfuko au mikanda miwili ya kushikilia, na vitambaa vya kunyonya viwe tofauti, vikunjwe mara tatu. Ganda moja linaweza kukaa siku nzima likibadilishwa kitambaa. Sita hadi nane vya kunyonya na maganda mawili matatu yanamtosha msichana mmoja katika siku za kawaida, masika aongezewe.

Kufua ni kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Sabuni ya kawaida inatosha, isuuzwe mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaozuia kunyonya, na dawa ya kung’arisha yenye klorini hula kitambaa cha kuzuia maji. Kisha jua. Ganda lisipigwe pasi ya moto; vitambaa vya pamba vinaweza kupigwa.

Jaribio la nyumbani

Pedi ya kwanza ishonwe moja tu. Hili ni gumu kwa mzazi aliyekwisha kata vipande kumi na viwili, lakini ndiyo njia ya gharama ndogo. Vijiko vinne vya chai vya maji vimwagwe taratibu katikati, pedi ikiwa juu ya karatasi nyeupe, halafu ikandamizwe kwa kiganja. Karatasi ikilowa, iangaliwe imelowa wapi: kwenye mstari, ukingoni, au kote.

Halafu binti aivae nyumbani siku ya mapumziko, atembee, akae, apande ngazi, alale. Aulizwe imesogea wapi na imembana wapi. Zamani pwani msichana alikuwa na somo wake wa kumfundisha namna ya kukunja na kufunga, na kwa somo mtu husema bila kuona haya. Leo mafundi wengi wa cherehani mitaani ni wanaume, na binti hawezi kumweleza fundi mahali panapovuja. Mama, shangazi, bibi, au baba aliyezoeana na mwanawe awe mjumbe. Urefu nao uamuliwe na mvaaji: msichana mdogo anayeanza huridhika na sentimita 20 hadi 23 za mchana, na ya usiku hufika 30.

Shuleni abadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, mapema zaidi damu ikiwa nyingi, na begi liwe na kimfuko cha zip cha kuwekea iliyotumika.

Ipo pia hali ambayo karatasi, kitambaa na mshono vyote viko sawa na bado pedi haitoshi. Binti anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, anayetoka damu zaidi ya siku saba, au anayepata kizunguzungu na kuchoka sana siku hizo, apelekwe kituo cha afya badala ya kuongezewa tabaka. Kutoka damu nyingi kila mwezi huleta upungufu wa damu, na wasichana wengi huona ndivyo ilivyo kwa kila mtu kwa sababu hawana wa kujilinganisha naye. Muwasho usiokwisha, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu wakati wa kukojoa navyo vipelekwe huko huko.

Karatasi ikishasahihishwa, iandikwe kwa kalamu ya wino: upana halisi, urefu, kama nafasi ya mshono imo au haimo, upande wa kila kifungo, na neno “mkunjo” kwa herufi kubwa. Ibandikwe kwenye kipande cha boksi gumu kisichokunjika. Jirani akiiomba, apewe boksi lenyewe alichore kwa kulizungusha kalamu. Akiwa mbali na ikalazimu picha, rula iwekwe pembeni ya karatasi kabla ya kupiga.